Habari za Taya la Kada Gumi

Mille, 9 Januari 2003

Kwa Momina binti Yayyo,

Salamu zetu zikupandie huko kwenye baridi. Mama yako mzima, ila goti lake la kushoto limegoma na kila asubuhi analitukana kwa jina jipya. Dada yako Asiya amejifungua mtoto wa kike, mkali, ana sauti ya ngamia. Ngamia wa marehemu baba yako, yule mwenye sikio lililopasuka, naye amezaa. Mvua ya Desemba ilitupita kando ikanyesha Adayitu. Sisi tuliona umeme tu tukameza mate. Barua hii anakuletea Humed, dereva wa lori la chumvi. Maziwa nimeshamnywesha, kwa hiyo mpe asante na usimpe kiti, maana akikaa haondoki.

Sasa nije kwenye aibu.

Juzi kisimani nilikutana na mtu wa Logiya. Tukakaa kama watu wanavyokaa, tukapeana dagu: yeye akatoa habari zake zote za njiani, za maji, za malisho, za waliokufa na waliooa, nami nikatoa zangu. Mwisho akakohoa. Nikajua imebaki moja. Akasema, "Dersa, ipo ya ukoo wako." Nikamwambia atoe. Akasema ameipata kwa dereva, aliyeipata kwa mwanafunzi aliyekuwepo kwa masikio yake mawili, kwamba binti wa Yayyo alisimama katika jumba la makumbusho mbele ya umati, mzee mmoja wa mjini akamuuliza, "Binti, babu yako ni nyani?" na binti akajibu, "Kama wangu ni nyani, basi na wako pia."

Nilinyamaza. Sijawahi kunyamaza kwenye dagu tangu nibalehe.

Unajua ninavyowapenda nyani. Mwaka jana walishuka kutoka majabali ya Awash wakanilia wanambuzi watatu mchana kweupe. Sasa pale kisimani wananiambia, "Dersa, wale si wezi, ni shangazi zako, walikuja kula kwa ndugu." Hamadu, binamu yako, ambaye kwa desturi ana haki ya kukuposa kabla ya mtu yeyote, anauliza siku ya harusi wakwe watakaa kwenye mkeka au watapanda mti. Nilimwambia afunge kinywa. Lakini nilicheka kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baba yako alipokufa nilikutoa kwenye mbuzi nikakupeleka shule, ukoo mzima ukininyooshea vidole. Nilisema mtoto huyu ana kichwa. Kumbe kichwa kilikuwa kinatafuta mkia!

Niandikie ulichosema, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nikishakijua nitaamua kama nina mtoto wa ndugu au nina nyani.

Baba yako mdogo,
Dersa


Addis Ababa, 30 Januari 2003

Kwa Baba mdogo Dersa, mwenye kuwajua babu zake kumi na wanne kwa majina,

Nakubusu mkono. Mimi mzima. Baridi ya huku inauma hadi kwenye meno. Nalala na soksi kama mgonjwa. Mpe Asiya hongera. Mama mwambie nimempa Humed mafuta ya kuchua goti, na kwamba ni ya kuchua, asiyanywe. Humed alikaa. Alikaa saa nne.

Habari iliyokufikia haikuongezwa neno, nampa kila mbebaji haki yake. Ilikatwa tu. Yule mwanafunzi alitoka nje kwa hasira kabla sijafika mwisho, akabeba nusu, na nusu hiyo ndiyo mnayochekea kisimani. Nilichosema ni hiki: "Kama wangu ni nyani, basi na wako pia, lakini si nyani. Nyani ni binamu. Babu tunayechangia naye hakuwa nyani wala hakuwa mtu, na amekufa zamani mno." Mpe mtu wa Logiya nusu yake.

Kila Jumamosi nasimama pale kujibu maswali ya watu, Baba mdogo, na nimegundua kuwa watu wa mjini wamesoma ili wawe wajinga kwa lugha mbili. Kuna bwana mmoja mwenye tai huja kila wiki na swali lilelile: kama watu wametoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo? Nilimuuliza kama ana mabinamu. Akasema anao kumi na saba. Nikamuuliza, "Ulipozaliwa wewe, walikufa?" Akaondoka amenuna. Jumamosi iliyofuata karudi na swali lilelile. Mwingine, mwalimu mzima wa sekondari, aliniuliza kama nimewahi kumwona nyani akizaa mtu. Nikamwambia sijaona, na siku nikiona nitachoma vitabu vyangu vyote, maana vinasema haiwezekani. Aliandika jibu hilo kwenye daftari kama ushahidi dhidi yangu.

Mwanamke mmoja tu, muuza kahawa, ndiye aliyeuliza kitu cha maana: mtoto wa kwanza kuwa mtu alinyonya ziwa la nani? Nilimwambia wa kwanza hakuwepo. Kila mtoto alifanana na mama yake, na kila mama alidhani hajazaa kitu kipya. Alifikiri, akasema, "Basi hata mimi sijui nimezaa nini." Huyo nilimheshimu.

Nawe ungeelewa haraka kuliko wote kama kiburi kingekupisha. Unahesabu babu kumi na wanne, halafu unasimama kana kwamba wa kumi na nne alichipuka kama uyoga. Mimi naendelea tu kuhesabu. Na mbuzi wako je? Miaka ishirini umewachinja mabeberu wa miguu mifupi na kuwaacha warefu wapande, na leo mbuzi wako hawafanani na wa babu. Nani aliyewabadilisha? Kisu chako. Ardhi nayo ina kisu, tena haina haraka. Nyani haoni kundule, na mchungaji haoni kazi ya mkono wake mwenyewe.

Sasa shida yangu. Profesa Lindqvist, mkuu wa msafara wetu wa kutafuta mifupa ya kale, anakuja huko Februari. Nimemweleza kuhusu Kada Gumi, lile korongo ambako baba alinionyesha jino ndani ya jiwe nikiwa na miaka tisa. Nataka wewe uwaongoze. Wakipata kitu, mwanafunzi mmoja atapewa kukichunguza na kukiandika, jina lake juu, na kutoka hapo anakwenda kusoma ng'ambo. Tunaogombea ni watatu. Katika msafara huo Mwafari kama sisi hajawahi kuwa kitu kingine ila mbeba maji. Sharti ni moja: mahali pale pasijulikane mpaka makala itoke Septemba, kwa sababu wapo wawindaji wengine wa mifupa na hawana haya. Nafasi yangu yote iko hapo, Baba mdogo. Funga mdomo.

Mtoto wako,
Momina


Mille, 12 Machi 2003

Kwa Momina, binamu wa nyani,

Sote wazima. Mama yako aliyanywa yale mafuta, kijiko kimoja tu, na anaapa goti limesikia. Mtoto wa Asiya wamemwita Dahara. Majani ya upande wa mto yamekwisha, tumehamia karibu na vilima. Wapita njia ni wachache. Juzi alipita mtu mmoja mwenye ngamia wawili akielekea Logiya, tukapeana habari, yeye hakuwa na jipya. Mtu wa Logiya nilimpelekea nusu yake. Akasema hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, nibaki nayo mwenyewe.

Wageni wako walifika. Watu wazima saba, magari matatu. Walitambaa kwenye jua la saa sita kama watoto wanaotafuta titi, wakisugua mawe kwa mswaki. Meno yao wenyewe sikuwaona wakiyasugua kwa bidii ile. Profesa wako alinipita asubuhi tatu bila salamu. Ya nne akanisalimia, kwa sababu alitaka maji. Nikasema moyoni, mavi ya kale hayanuki, waache wanuse.

Siku ya sita nililiona mimi. Nasema mimi, na wewe uandike hivyo. Hapo miswaki ilikuwa imeshapita mara mbili. Nimeokota mataya maisha yangu yote: ya mbuzi, ya fisi, ya nyani niliyemuua mwenyewe, na mwaka wa njaa kuu hata ya watu. Naliona taya kama wewe unavyoliona neno. Lilikuwa limetokeza nusu, jeusi, lina magego manne. Nikalitazama. Si la nyani, kwa sababu nyani ana jino refu la pembeni na hili lake fupi. Si la mtu, kwa sababu halina kidevu. Nikawaita. Yule mzungu, Profesa wako, alipiga magoti, akalia machozi, kisha akaniomba nisogee kwa sababu kivuli changu kiliharibu picha.

Nilimuuliza kupitia mkalimani amejuaje umri. Akanionyesha majivu ya mlima wa moto, tabaka moja chini ya taya na moja juu yake, akasema majivu hayo yana namna ya kutaja umri wao. Miaka zaidi ya milioni tatu. Nikamwambia kwetu mtu akileta habari ya zamani hivyo huulizwa: nani aliyekuwepo? Akasema, "Majivu." Nilitafuta jibu la kumkejeli. Bado nalitafuta.

Kabla ya kuondoka nilisomewa karatasi kwamba sitamwambia mtu mahali pale. Wakanipa wino nitie dole. Nikasema naandika, nilifundishwa na vijana wa kampeni ya kisomo miaka ile. Mkalimani akasema karatasi ina nafasi ya dole tu. Nikatia. Dole langu halijui kusoma, kwa hiyo halijui limekubali nini.

Usimwambie mtu, lakini jioni ile nilipitisha ulimi kwenye magego yangu, moja moja. Bado nasema Adamu hakuwa na mkia.

Dersa


Addis Ababa, 20 Aprili 2003

Baba mdogo,

Salamu kwa wote na kwa Dahara. Mimi mzima kwa jinsi mtu anavyoweza kuwa mzima.

Wiki tatu baada ya msafara wetu kuondoka huko, kundi jingine la wachimbaji, watu wasiohusiana nasi, waliingia Kada Gumi na gari lao. Hawakutafuta. Walikwenda moja kwa moja, mpaka kwenye mti mkavu ulioanguka, mpaka kwenye jiwe jeupe, hatua thelathini kushoto. Wamechukua kipande cha fuvu, hatua mbili tu kutoka lilipokuwa taya letu. Fuvu na taya ni vya kiumbe mmoja. Sasa wao wana kichwa na sisi tuna kidevu, tena unavyosema wewe, hata kidevu hakuna.

Profesa alituita mezani. Akasema watu wa jangwani midomo yao ni milango isiyo na komeo. Mezani walicheka. Kisha akanitazama mimi, akasema kiongozi wa njia alikuwa ndugu yangu, na kwamba mtu ambaye jamaa zake hawawezi kutunza siri hawezi kupewa taya.

Nilikutetea. Nikasema Baba yangu mdogo ni mtu wa heshima, ametia dole. Akasema basi aletewe barua yako, kwa maandishi, kwamba hukumwambia mtu. Ikifika, suala limekwisha na taya nalipata mimi.

Naomba barua hiyo haraka. Mpe Humed.

Momina


Addis Ababa, 25 Mei 2003

Baba mdogo,

Humed amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema ulimpa maziwa, ukamwuliza habari za barabara, ukamwambia huna barua. Mtu mwenye karatasi na kalamu na mikono miwili, huna barua?

Sijakuuliza bado lile swali. Usinilazimishe niulize.

Momina


Mille, 6 Juni 2003

Kwa Momina,

Mama yako anasalimu. Goti limerudia ukaidi wake. Jua limetushika kooni, ngamia wanatafuna miiba mitupu, na mbuzi wanne wamekufa. Dahara ameota meno mawili ya chini, ameng'ata ziwa, Asiya amelia hadi kwa jirani. Kwa Hamadu wamechimba kisima kipya kikatoa maji ya chumvi. Mtoto wa yule ngamia wa baba yako anasimama vizuri.

Hujaniuliza. Basi najibu.

Ni mimi.

Yule mtu wa ngamia wawili alikaa, tukagawana kivuli na maji, akanipa habari zake zote. Kisha akauliza kama inavyoulizwa: "Na wewe umeona nini?" Ungetaka nimwambie niliona mavi ya mbuzi? Nilikuwa nimeona taya la kiumbe asiye mtu wala nyani, kwenye Kada Gumi, baada ya mti mkavu, kwenye jiwe jeupe, hatua thelathini kushoto. Ndivyo nilivyosema, kwa sababu ndivyo nilivyoona. Wala usiseme ningemwambia nina neno ila silitoi. Hiyo ni sawa na kupiga ngoma, wangekuja kuniuliza hadi watu wa Asaita. Yeye akafika Logiya, akakaa kwenye mgahawa, akaulizwa na dereva wa hao wengine. Akasema alivyosikia, hakuongeza hatua wala hakupunguza. Ndiyo maana hawakutafuta. Habari ilikuwa nzuri.

Mnatudharau kwa midomo isiyo na komeo. Mwambie Profesa wako kwamba jangwani mtu hufa kwa habari kabla hajafa kwa kiu. Mtu akinidanganya maji yapo mahali, nitawapeleka watoto huko na watakufa. Kwa hiyo anayedanganya kwenye dagu hapigwi wala hatozwi. Hapewi habari tena, basi. Nimemwona mmoja maishani mwangu, Gaas wa Wogris. Alimaliza mifugo yake akizunguka kutafuta mvua ambayo kila mtu alijua iliko.

Mimi niliweka dole kwenye karatasi ya watu wasiosalimia. Hilo nimelivunja na sijutii. Lakini kuandika kwamba sikusema, sitaandika. Umesoma miaka kumi na sita, Momina, ukajibu watu maswali kila Jumamosi, ukawacheka wote. Huko shuleni ulimkuta nani aliyekufundisha kuomba uongo?

Dersa


Addis Ababa, 22 Juni 2003

Baba mdogo,

Sina salamu. Mpe mama tu.

Nimesoma barua yako mara nne, na mara ya nne nilicheka. Watu wa ajabu nyinyi! Mnalinda ukweli kama bikira, halafu mnaumwaga kwa mpita njia wa kwanza mwenye ngamia wawili. Mnajua kila mbuzi aliyekufa kutoka hapo mpaka Djibouti, na ni nani duniani anayejua kuwa nyinyi mpo? Mifupa yenu inasafiri ng'ambo, inapewa majina na watu ambao hawawezi kutamka Mille. Na kila mmoja wenu amekaa kisimani, amevimba, hajadanganya.

Mimi nilitaka mara moja tu taya la kwetu liandikwe na mtu wa kwetu. Si kwa ajili ya Profesa. Kwa ajili ya baba, aliyenionyesha lile jino akaniambia, "Hili ni la nani, Momina?" na mimi sikujua. Akafa sijamjibu.

Nimekuandikia barua mwenyewe, imo humu. Ni mistari miwili: "Mimi Dersa sikumwambia mtu yeyote habari za Kada Gumi." Huna haja ya kutunga kitu. Tia dole chini. Ni karatasi, Baba mdogo, si dagu. Haitafika kisimani kamwe. Itasomwa na mtu mmoja, kisha itawekwa kwenye faili, na hakuna mtoto atakayekufa kwa kiu kwa sababu yake.

Mwisho wa Julai Profesa anaamua. Ukikataa, taya anapewa kijana mmoja wa hapa mjini ambaye hajawahi kuona mbuzi ila kwenye sahani. Nami nitarudi kuchunga, na Hamadu anioe, na kila jioni utanitazama ukijua.

Momina


Mille, 30 Julai 2003

Kwa Momina,

Mama yako anaendelea vizuri. Hilo najua kwa sababu namwona kwa macho yangu.

Karatasi yako imo humu ndani. Sikutia dole. Nimeandika jina langu kwa herufi, Dersa, na la baba yangu, Utban, na la babu yangu, mpaka nafasi ikaisha, ili uongo huo ujue kwao. Usiniandikie asante. Maneno yako ya kisimani na ukweli wa bikira niliyadharau na bado nayadharau. Niliandika kwa sababu ya Yayyo tu. Nilikuwa hapo siku ile ya jino, nyuma yenu, nikifunga ngamia. Nilimsikia akikuuliza, nikasema, "Unamjaza mtoto upuuzi."

Nilitia saini siku ya Jumatatu. Jumatano nilikwenda kisimani. Alikuwepo Hamadu na wengine wanne. Wakauliza, kama inavyoulizwa, nimefanya nini na nimeona nini. Ulisema karatasi haitafika kisimani kamwe. Sasa wewe uliyesoma, hukujua kwamba mimi nafika? Nikawaambia. Nilisema nimeandika uongo, kwa mkono wangu, juu ya habari ya Kada Gumi, ili binti wa ndugu yangu apate taya. Sikuongeza wala sikupunguza.

Hamadu aliinuka. Huyo anayekucheka kwa mambo ya nyani, alikuwa na machozi. Akasema, "Baba Dersa, ungenyamaza tu." Kisha wakachukua viriba vyao wakahamia upande wa pili wa kisima, wakaendelea kupeana habari kwa sauti ya chini.

Sasa ni wiki mbili. Wananisalimia, wananipa maji, mtoto wa Asiya wanamleta nimpakate. Habari hawanipi. Asiya na mama yako nao wameambiwa, na wakijua kitu wanainamisha uso. Mvua ya Julai imenyesha mahali fulani, nasikia harufu yake upepo ukigeuka. Sijui ni wapi. Niliwapeleka mbuzi upande wa Adayitu kwa kubahatisha, siku tatu, nikakuta vumbi. Wamekufa kumi na mmoja. Wenzangu wameanza kuhama, kila mmoja anajua anakokwenda.

Kwa hiyo barua hii haina habari za nyumbani. Usidhani nimekasirika nikakunyima. Sina.

Dersa wa Utban


Addis Ababa, 11 Agosti 2003

Baba mdogo Dersa,

Karatasi ilifanya kazi. Profesa aliisoma mbele ya wote, akaona umeandika majina yote yale, akasema, "Mzee mwaminifu huyu, tazama alivyo makini." Akanikabidhi taya mkononi. Ni zito kuliko nilivyofikiri. Sikulirudisha. Usitafute kitu kizuri cha kusema juu yangu kwa hilo, kwa sababu hakipo.

Kuna jambo nilikuficha. Siku ile mezani walipocheka kuhusu midomo isiyo na komeo, nami nilicheka. Nilicheka kabla ya wengine.

Jumamosi iliyopita yule bwana wa tai alikuja na swali jipya, mara ya kwanza maishani mwake. Akauliza, "Haya yote mnayosema, tutajuaje kuwa hamdanganyi?" Nimezoea kulijibu swali hilo kwa maneno mengi mazuri. Nilisimama pale na watu mia wananitazama. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Kwenye makala nimeandika kwamba taya lilionwa na Dersa wa Utban, siku ya sita, miswaki ikiwa imeshapita mara mbili. Profesa amefuta hilo la miswaki. Jina limebaki.

Mimi si mtu wa kisimani, na hakuna aliyeniapisha nisikupe habari. Jana mchana nilikwenda wanakoegesha malori ya njia ya Djibouti, nikakaa chini kwenye mafuta na vumbi, nikawauliza madereva mmoja baada ya mwingine, nikatoa zangu kwanza, zote, hadi ya karatasi. Wawili waliinuka wakaondoka. Humed alibaki. Alikaa, kama kawaida yake, na safari hii namshukuru.

Humed ametoka Chifra juzi Jumamosi. Ameona kwa macho yake. Mvua imenyesha usiku tatu mfululizo upande wa machweo wa mji, chini ya vilima, sio upande wa barabara. Majani yamefika kwenye kifundo cha mguu. Bwawa la chini limejaa, la juu lina mzoga, usinyweshe hapo. Watu wa Hamadu wako kusini yake, nafasi bado ipo kaskazini. Njia ya Mille ni salama, daraja la pili limekatika, vuka mto juu kidogo ya hapo, kwenye mawe. Ni mwendo wa siku nne na mbuzi waliodhoofika.

Barua hii nampa Humed huyohuyo, anaondoka sasa hivi, nimemkataza kukaa kwa mtu yeyote njiani. Alhamisi nitarudi tena kwenye malori, na kila Alhamisi.

Hamisha mbuzi, Baba mdogo. Usingoje kunijibu.

Momina